Wewe na Nani, Baba?

4 Machi

Mwanangu Kidole,

Barua yako imefika. Picha ya mjukuu wangu akiwa hana meno ya mbele nimeibandika kwenye kioo, kwa hiyo kila asubuhi nikinyoa ndevu tunachekana mapengo.

Umeuliza kwa nini sipokei simu. Napokea, mwanangu. Nasikia mngurumo, kisha mngurumo mwingine, najibu "nzuri, nzuri," nakata. Masikio yangu niliyaacha kwenye vyumba vya mashine, juu ya mapaa ya mji huu, miaka yote ile niliyokuwa fundi wa lifti. Barua haina haja ya kupaza sauti. Tuendelee nazo.

Hapa mvua zimewahi. Jana ilinyesha tangu mchana, ikakatika jioni, tukatoka. Unaujua mji wetu ukishaoga. Taa za barabarani zinakuwa mbilimbili, moja juu na mwenzake chini kwenye lami, na ukitembea unaona kama unapita juu ya dari ya mji mwingine uliopinduliwa, na watu wake nao wanatembea kichwa chini, nyayo zao kwenye nyayo zako. Tulipita nyuma ya kiwanda cha uchapaji, kwenye ile harufu ya wino mbichi, tukapanda daraja la waenda kwa miguu. Treni ikapita chini yetu. Sikuisikia, ila niliihisi ikinipanda magotini kama habari njema.

Kona ya duka la viatu bado ipo vilevile. Nimekukumbuka ukiwa mabegani kwangu, kidole mbele, ukiuamuru mji mzima, na mama yako akitangulia akisoma vibao kwa sauti: VIATU. MIWANI. TUNASHONA HARAKA. Neno la kwanza ulilolisoma mwenyewe lilikuwa HARAKA, na tangu siku hiyo hujapumzika.

Sasa herufi ya kwanza ya kibao imeanguka, imebaki IATU. Tulicheka mpaka mwenye duka akatoka kutuangalia.

Sina jipya jingine. Mbusu mjukuu, msalimie mkwe wangu.

Baba yako


13 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa kaunta, kati ya mteja wa kikohozi na mteja wa tumbo, nikairudia nyumbani usiku. Ni nzuri sana. Lakini kuna neno dogo limenikaa kooni kama kidonge kisichotaka kushuka.

Umeandika "tukatoka". Umeandika "tulipita", "tulicheka". Wewe na nani, Baba?

Naomba usiudhike nikiuliza. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike Mama, na nikifunga macho nakuona peke yako kule ghorofa ya nne, unapasha chai moja, unaosha kikombe kimoja.

Chumba cha mbele tumekipaka rangi. Ni chako. Hapa hakuna ngazi za kupanda. Mji wetu ni mpya, umepangwa vizuri: natoka mlangoni naingia kwenye gari, natoka kwenye gari naingia dukani kuuza dawa, jioni narudi vilevile, viatu havijagusa tope. Utapumzika. Mume wangu anasema atakutengenezea kibaraza.

Nijibu lile swali.

Binti yako


22 Machi

Mwanangu,

Hilo la "tu" usilitie maanani. Mtu akishatembea na mwenzake miaka mingi, mdomo unazoea wingi. Lakini umenitia woga wa sarufi. Juzi tulikwenda, yaani nilikwenda, unaona sasa?

Basi. Juzi palikuwa na ukungu mwepesi, ule unaoyafanya majengo yaonekane kama yanataka kusema kitu yakasahau. Nilishuka kwa barabara ya nyuma, ambako kamba za nguo zinavuka kutoka dirisha hadi dirisha. Shati la mtu lilikuwa linatupungia. Kwenye bustani ya mviringo madawati yalikuwa na unyevu, kwa hiyo tulisimama tu, tukatazama madirisha yakiwashwa taa, moja hapa, moja kule, kama mtu anayefunga vifungo vya koti refu kwa zamu.

Unaukumbuka mchezo wetu? Mama yako aliuita "Nani Anakaa Hapa". Unachagua dirisha lenye taa unaeleza aliyemo. Yeye alipenda ghorofa za juu kabisa: humo kuna mama anayejifunza kupiga tarumbeta, na majirani wote wamejifanya wamekufa. Wewe kila dirisha ulisema ndani kuna paka mwenye nyumba na watu ni wapangaji wake. Mimi nilikuwa na shida, kwa sababu nusu ya majengo yale nilikuwa nimeingia kutengeneza lifti, nikawajua wanaokaa. Sikuwahi kuwaharibia.

Juzi nilichagua dirisha lenye pazia la njano. Nikasema humo kuna mzee anajifunza kucheza dansi na kiti. Nikaambiwa hapana, humo mtu anapiga pasi. Nikasema angalia kivuli kinavyozunguka. Nikaambiwa ndiyo, anapiga pasi shuka kubwa.

Nilirudi nyumbani nikicheka ngazi zote.

Chumba cha mbele nashukuru. Mwambie mkwe wangu asisumbuke na kibaraza kwanza.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. "Nikaambiwa." Nani aliyekuambia?

Nimempigia simu jirani yako wa chini, yule mwalimu wa muziki. Nisamehe, lakini nifanye nini, na wewe simu huitaki. Ameniambia kwa upole, kama watu wanavyotoa habari mbaya, kwamba mara nyingi jioni anakusikia ngazini ukiongea. Anasema unasema, "Shika ukingo, ngazi hii imelika." Anasema unacheka. Mlango wake huwa umefungwa, hajaona mtu. Anasikia sauti yako tu.

Baba, Mama ndiye aliyekuwa akiogopa ile ngazi iliyolika. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia ashike ukingo.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa. Dukani nawahudumia watu ambao wazazi wao wameanza hivi hivi, kwa neno moja, kwa kuandaa sahani ya mtu asiyekuwepo. Nakuomba unijibu bila mzaha. Leo ni siku gani? Uliweka wapi funguo za akiba? Jana ulikula nini? Rais wa nchi ni nani?

Chumba kipo tayari. Mwezi huu nitaomba ruhusa kazini, nije tuzungumze. Simaanishi kukubeba kwa nguvu. Namaanisha kuzungumza.

Binti yako


11 Aprili

Kidole,

Leo ni Jumatano. Funguo za akiba ziko ndani ya birika la kijani lisilo na mfuniko, ulikoziweka wewe mwenyewe ukaniambia nisizihamishe. Jana nilikula wali uliogandamana, nikajilaumu. Rais namjua, lakini nimetoka kula sasa hivi, usiniharibie tumbo.

Je, nimefaulu?

Mwanangu, akili yangu iko mahali pake. Huyo mwalimu wa muziki angefungua mlango angeona, badala ya kusikiliza kama anapima noti. Kuna jambo, nalikubali. Si ugonjwa. Ni jambo la uso kwa uso, maana nikiliandika linakuwa dogo, na nikiliandika tena linakuwa kubwa mno. Karatasi tatu nimeshazikunja. Njoo. Nipe taarifa tu siku utakayokuja, nipige deki.

Jioni hizi jua linaondoka polepole. Linabaki kwenye madirisha ya upande wa mashariki kana kwamba limesahau mwavuli. Nilitembea mpaka kwenye jengo la ofisi za bima nilikoanzia kazi. Wamelipaka rangi ya samawati. Lifti yake ya kwanza ilikuwa na mlango wa vyuma vya kukunjika, na mama yako alikataa kuipanda mpaka nilipompa kiti. Akapanda nayo amekaa kama malkia, akashuka, akasema, "Haya, sasa nimefika wapi?" Nikamwambia umerudi ulipotoka. Akasema safari gani hiyo.

Nakusubiri.

Baba yako


29 Aprili

Baba,

Nilikuja Jumamosi.

Sikukupa taarifa kwa sababu nilitaka kukuona ulivyo, bila deki. Nilifika mchana umeshapita, nikapanda ngazi zote, nikagonga. Hukuwepo. Nikashuka kukutafuta. Sikuhitaji kuuliza mtu, njia zako nazijua kama mistari ya kiganja changu. Nikakuona pale penye duka la mikate, wewe upande wa pili wa barabara.

Ulikuwa umevaa koti la kijivu, lile ambalo Mama alilibadilishia bitana. Ulikuwa umechana nywele. Ulikuwa umemshika mkono mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha bluu na mkoba mkubwa. Mlikuwa mmesimama, vichwa juu, na wewe ukanyoosha kidole kwenye dirisha la ghorofa ya tatu. Yeye akasema kitu kwa sauti kubwa. Wewe ukacheka mpaka ukainama. Sijakuona ukicheka hivyo tangu Mama alazwe.

Nikajua kwamba hujachanganyikiwa. Ungetegemea nifurahi.

Heri ningekukuta umechanganyikiwa, Baba. Hilo lina dawa zake, ziko kwenye rafu yangu ya kushoto. Ningejua pa kuanzia. Lakini ule mchezo ulikuwa wetu watatu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua kwamba dirisha lina mama mwenye tarumbeta na paka mwenye nyumba. Nilipokuwa nikiandika barua nikikuhurumia kwa kuongea na marehemu, wewe ulikuwa unamgawia mgeni vitu vya marehemu.

Sikuvuka barabara. Nilinunua mkate nisiouhitaji, nikaula wote kwenye basi.

Chumba bado ni chako. Nimeshindwa tu kuandika zaidi.

Binti yako


6 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nikaketi. Nikaisoma tena.

Mtaa mzima wanamwita Mama Vifungo. Ana kiduka kwenye kijia kinachotokea nyuma ya benki, anauza vifungo, uzi, zipu, lastiki. Hana mtoto. Mumewe zamani hizo alikwenda kununua rangi ya mlango, akaenda moja kwa moja. Mlango haujapakwa rangi hadi leo.

Tulikutana kwenye lifti. Nilikuwa nimeingia jengo la ofisi za bima kuangalia rangi yao mpya, nikawakuta watu wamesimama chini wakitazama juu. Lifti imekwama katikati, na ndani yuko mtu. Mafundi vijana walikuwa njiani. Mimi sikugusa kitu, si kazi yangu tena. Nilipanda tu ngazi nikakaa chini penye upenyo wa mlango wa lifti, nikamwambia aliyemo asiogope, hivi vyombo vinakwama lakini havianguki. Akaniambia kitu. Nikamwambia sisikii, mama, paza sauti. Akapaza. Nikamwambia zaidi. Akapiga kelele: "NIMESEMA SIOGOPI, NINA NJAA!" Mpaka mafundi wanafika tulikuwa tumeshaongea habari za maisha yetu yote kwa makelele, na wafanyakazi wa bima wamezisikia. Tangu siku hiyo hajawahi kuongea nami kwa sauti ndogo. Hatuna siri katika mji huu, isipokuwa kwako.

Kwa nini kwako? Mzee wa miaka sabini na moja atamwandikiaje mwanawe kwamba siku hizi anachana nywele mara mbili?

Sasa hilo la mchezo. Nataka unisikilize hapa.

Mama yako alipoondoka, mwaka mzima niliendelea kutembea njia zile zile. Mji ulikuwa kama lifti iliyokatiwa umeme. Uko palepale, mlango uko wazi, vitufe vyote viko, lakini haukupeleki popote. Nilikuwa nasimama bustanini natazama madirisha, nayaona ni madirisha tu. Nikajaribu kusema peke yangu, humo kuna mama mwenye tarumbeta. Hakukuwa na wa kukataa. Mchezo ule, mwanangu, hauchezeki bila mtu wa kukwambia hapana.

Mama Vifungo hajui kucheza. Kila dirisha anasema humo mtu anapiga pasi. Nimemweleza mara nyingi, ameshindwa. Lakini siku ya kwanza aliponikatalia, nilimsikia mama yako akicheka. Sikumsikia kwa masikio, hayo unajua hali yake. Nilimsikia.

Sikugawa kitu chake, Kidole. Nilikuwa nimekipoteza.

Baba yako


27 Mei

Kwa binti wa Fundi,

Salaam. Hunijui, na nadhani hutaki kunijua, kwa hiyo nitaandika haraka kabla sijabadili nia. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha iliyokuwa mezani kwa baba yako. Hajui kwamba nakuandikia.

Siku ile nilikuona.

Umesimama mlangoni mwa duka la mikate na begi la kijani. Uso wa baba yako nimeuzoea, na pale ng'ambo ya barabara nikauona mwingine, mdogo, umevaa hereni. Nikajua. Nilimwachia mkono mara moja. Yeye, masikini, akautafuta tena akaukamata, akidhani nimejikwaa. Nilipogeuka ulikuwa umeshaondoka. Sikumwambia, si wakati ule wala baadaye. Barua yako ilipofika akanisomea mwenyewe, kwa sauti, pale dukani, wateja wapo, na machozi yanamtoka, akisema, "Kumbe mwanangu alifika mpaka hapa nami nikamkosa." Hilo ndilo lililomuuma. Mengine yote uliyomwambia anasema una haki.

Mimi ni mtu wa vifungo, maneno si fani yangu. Lakini nikueleze kitu. Unadhani natembea na baba yako. Natembea na watu wawili. Hapa mama yako alivunja kisigino cha kiatu. Hapa alikataa kulipa nauli. Hapa alimbeba Kidole ana homa mpaka hospitali kwa sababu mabasi yalikuwa yamegoma. Miezi ya kwanza niliona wivu, sikufichi. Siku hizi nikipita peke yangu pale kwenye duka la viatu namwona yeye kabla sijaona viatu. Mtu sijawahi kumsalimia, nami nampisha njiani.

Na hilo la pasi. Baba yako anadhani sijui kucheza. Najua. Nina madirisha mengi kichwani, mengine ukiyasikia utacheka. Lakini huo mchezo una wenyewe. Kwa hiyo mimi nasema anapiga pasi, na ninakaa nje.

Tangu barua yako sijatembea naye. Nimemwambia nina mafua. Yamefika wiki ya tatu, na hata yeye ameanza kuona ni mafua marefu. Ananiletea malimau. Sikuandiki ili unihurumie. Nimeandika kwa sababu anasema hujamjibu, na sasa anaongea kidogo sana, na mimi siwezi kuendelea kula malimau.

Ukisema nikae mbali, nitakaa. Duka langu lina mlango wa nyuma.

Mama Vifungo


30 Mei

Mwanangu,

Hujajibu na sikulaumu. Nakuandikia kukuambia kwamba nimekubali. Chumba cha mbele nakuja kukikalia, kama bado kipo. Begi nimelitoa juu ya kabati. Mimea nimempelekea mwalimu wa muziki, ambaye hatimaye amefungua mlango.

Mama Vifungo ana mafua yasiyokwisha. Ananijibu akiwa nyuma ya kaunta, kwa sauti ndogo, na nikimwambia sisikii anasema haidhuru. Sitaki kumlazimisha mtu.

Jana nilizunguka kuaga. Nilitoka jua likiwa bado juu, sikuchagua njia. Nilipita kwenye kijia cha mafundi viti, vumbi la mbao likielea kwenye mwanga kama linafikiria pa kutua. Nilipita shule yako. Kwenye ukuta wa jengo moja lililobomolewa bado unaona alama za vyumba vya watu: hapa palikuwa jikoni, rangi ya waridi, hapa palikuwa na ngazi, mistari yake inapanda hewani peke yake. Nilisimama pale muda mrefu. Nikaona naujua ukuta ule. Nilishawahi kuingia jengo hilo kutengeneza lifti, na nyumba ya rangi ya waridi wakanipa maji ya kunywa. Sasa ile nyumba ni rangi tu, imebandikwa kwenye anga.

Nimezaliwa katika mji huu na sijawahi kulala nje yake zaidi ya juma moja. Sijui nitaamkaje mahali pasipo na mtu wa kunijua kwa mgongo. Lakini utakuwepo wewe, na mjukuu ataniongoza.

Niandikie basi gani nipande.

Baba yako


8 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo la mafua niachie.

Malimau acha. Dawa yako ni mkono wa Fundi, kutwa mara moja, jioni. Usiache dozi hata ukijisikia umepona.

Na siku tutakapokutana nataka kuyasikia hayo madirisha yako. Usiniambie habari za pasi.

Binti wa Fundi


8 Juni

Baba,

Shikamoo. Rudisha begi juu ya kabati.

Nenda kwa Mama Vifungo kesho, usingoje. Atakuwa amepona. Usiniulize nimejuaje.

Sitakudanganya, bado kuna kitu kinanichoma nikiwaza lile koti la kijivu na ule mkono. Labda kitachoma muda. Naomba tu madirisha ya ghorofa za juu kabisa mumwachie Mama. Yaliyobaki chezeni. Mwezi wa nane njooni wote wawili mtutembelee. Chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja, hayo mtaamua wenyewe, mimi sitaki kujua.

Barua yako ya begi ilinifika Ijumaa, na ya pili ya mtu mwingine siku hiyo hiyo. Niliposoma kwamba unakuja, nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nilikaa jikoni nikajaribu kukuwaza ukiwa hapa. Ukitoka mlangoni jioni ungekwenda wapi? Nikagundua sijui. Nimekaa mtaa huu tangu mjukuu wako hajazaliwa, na sijui ukitoka nyumbani ukapinda kushoto unatokea wapi. Nilikuwa nakuita uje upumzike. Nadhani nilikuwa nakuita uje unionyeshe.

Kwa hiyo nikamvalisha mtoto viatu. Mume wangu akauliza, "Mnakwenda wapi?" Nikasema hatuendi popote. Akauliza kama gari lina mafuta. Nikamwambia kwa miguu. Alitutazama kama tumesema tunaruka.

Tukapinda kushoto. Nyumba zote hapa zinafanana, Baba, lakini ukienda polepole haziko sawa. Kuna moja imepanda maua kwenye sinki bovu. Kuna moja mtu anafanya mazoezi ya kuimba, na vibaya. Njia ikaisha kwenye uwanja wenye majani marefu, jua limelala juu yake, rangi ya chai ya maziwa, na mbali kidogo kuna mnara wa maji ambao sikuwa najua upo ingawa maji yake ndiyo ninayokunywa. Mtoto alitaka kujua nani anakaa juu yake. Tukapotea. Kweli kabisa, tukapotea kwenye mtaa wetu, na sikutaka kupatikana upesi.

Tulipokuwa tunarudi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, palikuwa na mwanamke anaanua nguo. Upepo ulikuwa umelikamata shuka lake kubwa, linapepea, anapigana nalo peke yake. Sijawahi kumwona, au labda nimemwona kila siku kupitia kioo cha gari. Akageuka, wala hakuniuliza mimi ni nani.

"Jirani," akasema, "hebu nishikie ncha hiyo."

Nikaishika. Tukalikunja pamoja, mimi nikimwendea, yeye akinijia. Shuka lilikuwa bado na joto la jua.

Binti yako,
Kidole